Kutafuta asili ya jina la ukoo Uchagani: anza na kihamba, jina litafuata

Jina la ukoo peke yake halitoshi kukufikisha kwenye asili yako. Akina Massawe wako Machame na wako Kibosho. Akina Lyimo wako Marangu na wako Kilema. Si wote wanaobeba jina moja wanaotambuana kama ndugu. Majina yamehama na watu, makarani wameyaandika walivyosikia, walimu wameyakata, na mengine yaliachwa siku mtu alipobatizwa. Kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo lenye migomba na kahawa, hakikuhama. Kwa hiyo ushauri wangu kwa kila anayetaka kujua ukoo wake ulikotoka ni kuacha kwanza swali la "jina letu lina maana gani?" na kuuliza "babu wa babu alikaa kihamba kipi, na alikipata kwa nani?" Swali la kwanza huleta hadithi nyingi zisizothibitika. La pili huleta watu, mipaka, makaburi na karatasi.

Nimewaandikia zaidi wenye asili ya Moshi, Hai, Siha na Rombo. Wameru na Waarusha nimewagusa pale ambapo njia yao ni tofauti.

Kwanza, jua jina lako ni la aina gani

Fomu zetu zinadai majina matatu: lako, la baba, na la tatu. Hilo la tatu ndilo lenye utata. Linaweza kuwa jina la ukoo kweli, kama Mushi, Swai, Tarimo, Shirima au Urassa. Linaweza pia kuwa jina la babu mmoja tu, lililoganda siku baba alipoandikishwa darasa la kwanza. Njia ya kutofautisha ni rahisi: uliza ndugu wa babu, wa baba mmoja, walitumia jina gani. Kama kila mmoja ana jina lake la mwisho, hilo ulilo nalo ni jina la mtu, na jina la ukoo limejificha nyuma yake. Wazee watakutajia bila shida, kwa sababu ndilo wanalotumia wanapotaka kujua kama kijana anaweza kumuoa binti fulani.

Kwa Wameru, majina kama Pallangyo, Kaaya, Nnko, Mbise na Nanyaro ni ya koo moja kwa moja, kwa hiyo hatua hii ni fupi. Kwa Waarusha ni kinyume. Laizer, Mollel na Lukumay ni koo kubwa wanazoshirikiana na Wamasai wote, mpaka Kenya, nazo zimegawanyika katika pande mbili, Odomongi na Orok-kiteng. Kuitwa Mollel kunakuambia ukoo, lakini hakukuambii familia. Hapo unahitaji boma na rika: boma la nani, na babu alikuwa rika gani, Nyangusi, Seuri au Makaa. Rika ndilo litakalokupa miaka.

Kuna jambo lingine ambalo familia nyingi hazipendi kulitaja. Wapo waliorudia darasa la saba kwa jina la mtu mwingine, wakafaulu, wakaajiriwa na kustaafu kwa jina hilo, na watoto wao wakalirithi. Ukikuta jina la mwisho lisilofanana na la ndugu yeyote wa ukoo, uliza hili kwa upole, tena kwa shangazi na si mbele ya baraza.

Andika kila tahajia unayoijua: Mallya na Malya, Urassa na Urasa, Assey na Asey. Utazihitaji zote huko mbele.

Wazee, na namna ya kuwauliza

Hii ndiyo hatua yenye utajiri kuliko zote, na ndiyo isiyosubiri. Vitabu vya kanisa vitakuwepo mwakani. Bibi yako wa miaka tisini usimwekee ahadi ya Desemba.

Watu wengi humkimbilia mwenyekiti wa ukoo. Yeye ni muhimu, lakini mara nyingi anajua historia rasmi, ile iliyosemwa kwenye mikutano. Wanaojua mambo ya ndani ni wanawake. Shangazi anajua nani alizaliwa tumbo moja na nani, nani alilelewa tu, na dada yupi aliolewa Uru akasahaulika. Bibi aliyeolewa ndani ya ukoo aliingia kama mgeni, akalazimika kujifunza kila jina, kwa hiyo anakumbuka kuliko waliozaliwa humo. Usiwaruke na wajomba, kwani wao ndio wenye habari za upande ambao jina lako halionyeshi.

Kisha nenda nyumbani kwa kitinda mimba. Kwa mila ya Kichagga mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki kwenye nyumba ya wazazi, na huko ndiko liliko sanduku la bati lenye karatasi, picha na kadi za zamani. Ukitafuta kwa mkubwa aliyejenga mjini hutakuta kitu.

Usiende mikono mitupu. Sukari, majani ya chai na sabuni vinatosha, na kwa mzee anayetumia, mbege haikataliwi. Ukishaamkia, sema nia yako mapema na kwa sauti ya wote kusikia: unaandika historia ya ukoo, hutafuti ardhi. Jambo hili si dogo. Kijana anayetoka Dar es Salaam na daftari, anauliza mpaka wa kihamba uliishia wapi na nani alipewa nini, atadhaniwa amekuja kudai urithi, na milango itafungwa kimya kimya. Ongozana na baba mdogo au mtu anayeaminiwa pale. Omba ruhusa kabla ya kurekodi kwa simu, na ukikataliwa, andika.

Maswali nayo yana namna yake. "Babu alizaliwa mwaka gani?" huzaa kubahatisha. Mpe mzee tukio, umuulize mtu huyo alikuwa wapi. Reli ilipofika Moshi, 1911, alikuwa amezaliwa? Waingereza walipoiteka Moshi katika vita vya Wajerumani, 1916, alikuwa anachunga au ameshaoa? Aliandikisha kahawa chama cha ushirika kilipoanza miaka ya 1930? Mangi Mkuu (chifu mkuu wa Wachagga) Thomas Marealle alipokuwa madarakani, miaka ya 1950, alikuwa na watoto wangapi? Uhuru, Azimio la Arusha na vita vya Kagera vitakusaidia kwa vizazi vya karibu. Kwa njia hii utapata kipindi cha miaka mitano au kumi, na hicho kinatosha kuanzia.

Tumia pia utaratibu wa kurithisha majina. Kwa kawaida mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Wasichana nao hufuata bibi kwa mpangilio huohuo. Hii ni njia nzuri ya kukagua ulichoambiwa. Ukiona anayeitwa wa kwanza ana jina la babu mzaa mama, uliza kama kulikuwa na kaka yake aliyefariki mchanga. Mara nyingi alikuwepo, na hakuna aliyekuwa amemtaja.

Kama babu alikuwa na wake wengi, usiandike watoto kwenye mstari mmoja. Andika kila nyumba peke yake: nyumba ya mke mkubwa, ya pili, ya tatu. Vihamba viligawanywa kwa nyumba, ugomvi ulikuwa wa nyumba, na milango (matawi) ya ukoo ya leo ilitokana na nyumba hizo. Ukizichanganya hapa, kila kitu mbele kitakuwa na kasoro.

Tembea kihamba

Omba mzee au kijana anayekijua kihamba akutembeze. Nenda asubuhi, na chora ramani ya mkono: nyumba, njia, mpaka wa masale (mmea wa mila wa Wachagga), makaburi, mfongo (mfereji wa maji) unaopita. Masale hayakupandwa ovyo. Yapo kwenye mipaka na yapo walikolazwa wazee kabla ya desturi ya kujengea saruji. Makaburi yenye vigae hukupa miaka, lakini mengi ya kabla ya hapo hayana maandishi, na aliyezikwa pale anajulikana kwa mdomo tu. Piga picha, kisha andika jina palepale, maana picha ya masale isiyo na maelezo haitakusaidia ukirudi mjini.

Uliza mfongo unaitwaje. Mifongo mingi ina jina la mtu au ukoo uliouchimba, na haki ya maji ilifuata ukoo. Kama mfongo una jina la ukoo wenu, wazee wenu walikuwa hapo mapema. Kama ukoo wenu unaomba maji kwa ukoo mwingine, huenda mliingia baadaye, na walioutangulia mtaa huo wanajua mlitokea wapi. Kwa hiyo wahoji na majirani. Mtu akizungumzia ukoo wake hupamba, lakini akizungumzia wa jirani husema alivyosikia. Uliza pia mchili, yaani msimamizi wa mtaa enzi za mangi, alikuwa wa ukoo gani, na kihamba kilitolewa na mangi au kilifyekwa tu.

Ukibahatika kuwepo siku ukoo unachinja, hasa wiki ya Krismasi wakati kila Mchagga amerudi nyumbani, kaa karibu na wanaogawa nyama. Kila kipande kina mwenyewe. Kuna cha mkubwa wa ukoo, cha mjomba, cha shangazi, cha mlango fulani. Anayegawa hasomi popote, anaita tu: "hiki peleka kwa fulani." Mara mzee anakatiza: hapana, wao ni wa nyumba ya pili, chao ni kile. Hapo umeonyeshwa daraja za ukoo bila kuuliza hata swali. Andika nani alipewa nini, na baadaye muulize mzee huyo sababu.

Karatasi zilizo karibu

Kabla ya kufikiria ofisi yoyote, kusanya historia za marehemu. Kila msiba wetu una karatasi inayosomwa kabla ya maziko: amezaliwa lini, mtoto wa ngapi wa nani, amebatizwa usharika au parokia gani, amesoma wapi, ameoa nani, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Karatasi hizi zinakaa kwenye droo na ndani ya Biblia, halafu zinapotea. Ukipata za misiba ya miaka thelathini iliyopita una nusu ya kazi. Zikague tu, kwa sababu huandikwa usiku na watu wenye huzuni, na mwaka wa kuzaliwa hukosewa mara nyingi.

Inayofuata kwa thamani ni mirathi. Kabla ya Mahakama ya Mwanzo kumteua msimamizi wa mirathi, familia kwa kawaida hupeleka muhtasari wa kikao cha ukoo, wenye majina ya waliohudhuria, uhusiano wao na marehemu, na warithi wote. Muhtasari mmoja unaweza kukutajia hata matawi yaliyohamia Tanga. Muulize aliyekuwa msimamizi kwanza, kwani huwa anabaki na nakala.

Kadi na stakabadhi za kahawa za chama cha msingi nazo zifuatilie. KNCU, chama kikuu cha ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilianza 1933, na vitabu vya wanachama vinamfunga mtu na mahali. Stakabadhi za kodi ya enzi ya mkoloni zikipatikana ni lulu, kwa kuwa zinataja jina kama lilivyokuwa likitumika kabla halijapangwa upya na shule.

Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, kina kazi zake nyingi, lakini kwa utafiti huu kiangalie tarehe ya usajili. Wazee wetu wengi walisajiliwa ukubwani kwa maelezo na kiapo, kwa hiyo cheti kinaonyesha walichosema siku hiyo, si lazima kilichotokea siku waliyozaliwa.

Vitabu vya kanisa

Kwa walio wengi hapa Kilimanjaro, ushahidi wa maandishi wa zamani kabisa uko kanisani. Walutheri wa misheni ya Leipzig walianza Machame 1893 na Mamba 1894. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakafungua Kibosho 1893. Upande wa Meru, Nkoaranga ilianza 1902, na Ilboru kwa Waarusha 1904. Ukijua kihamba, unajua kituo kipi kilikuwa karibu, na hapo unaona kwa nini nilisema uanze na kihamba.

Usiende kwenye usharika wa leo tu. Sharika na parokia nyingi zilizaliwa na nyingine, na vitabu vya mwanzo vinaweza kuwa vimebaki kwenye kituo mama. Muone katibu au karani wa parokia siku za kazi, ukiwa na barua ya usharika wako na karatasi yenye jina, tahajia zake zote, makadirio ya miaka na majina ya wazazi. Anayekuja na "natafuta ukoo wa Mosha" atarudi hivyohivyo. Omba aliyeko zamu akutafutie au akuruhusu kusoma mbele yake, na usipige picha bila ruhusa. Kutoa sadaka baada ya kusaidiwa ni uungwana.

Kwenye kitabu cha ubatizo soma mstari mzima. Jina la nyumbani na la ubatizo yanaweza kukaa pamoja: bibi mliyemwita Ndeshi anaweza kuwa Maria kitabuni. Angalia wasimamizi, kwa sababu mara nyingi walikuwa ndugu. Katika vitabu vya Kikatoliki angalia pia pembeni, ambako ndoa na kipaimara huongezwa baadaye. Noti moja ya pembeni inaweza kukuambia aliolewa parokia gani, na ukaendelea huko.

Vitabu vya enzi ya Mjerumani vinahitaji sikio la Kijerumani. Waliandika Moschi, Kiboscho, Madschame. Herufi "sh" yetu iliandikwa "sch", "y" iliandikwa "j", na "j" iliandikwa "dsch". Kwa hiyo Shayo tafuta kama Schajo, Lyimo kama Ljimo. Itamke tahajia hiyo ngeni kwa sauti na utalisikia jina.

Familia za Kiislamu hazina kitabu cha ubatizo. Kwao nguvu ziende kwenye vyeti vya ndoa, mirathi na wazee wa msikiti.

Mbali na nyumbani

Nyaraka za serikali ya Mjerumani na Mwingereza ziko Dar es Salaam, kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga. Huko kuna Vitabu vya Wilaya, ambamo maofisa waliandika habari za wamangi, koo na mipaka. Ukoo wa kawaida hutajwa kwa nadra, ila kama babu yenu alikuwa mchili, karani, mwalimu au alikuwa na kesi kubwa ya ardhi, safari inafaa. Beba kitambulisho na barua ya utambulisho.

Nyaraka za misheni ya Leipzig zimehifadhiwa Halle, Ujerumani, na za mapadre wa Roho Mtakatifu ziko Chevilly-Larue, Ufaransa. Hulazimiki kusafiri. Picha za zamani za misheni ya Leipzig zinaonekana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Southern California. Tafuta kwa jina la kituo na tahajia ya Kijerumani, kisha mwonyeshe mzee picha kwenye simu. Nyuso za darasa la walimu wa zamani huwafungua wazee midomo kuliko maswali yangu yote ya juu.

Kupima hadithi za tulikotoka

Koo nyingi za Uchagani husimulia kwamba zilipanda mlimani kutoka kwingine: Ukambani, Taita, Usambaa, Upare au kwa Wamasai. Baadhi ya koo za Kimeru nazo husimulia zilitoka Machame, na ukaribu wa lugha zao unaunga mkono uhusiano huo. Naziheshimu sana simulizi hizi, ila kuziheshimu ni pamoja na kuzipima.

Tafuta milango miwili ya ukoo isiyozungumza, labda iliyogombana zamani, usikie kila upande. Wakikubaliana kuhusu alikotoka mzee wa kwanza, hadithi hiyo ni ya zamani kuliko ugomvi wao. Kisha uliza ukoo hauoani na nani. Kama akina fulani wa Rombo hawaoani na akina fulani wa Marangu ingawa majina ni tofauti, kuna undugu hapo unaokumbukwa kwa mwiko peke yake. Uliza pia miiko ya kula na ya matambiko, kwa sababu hiyo husafiri na watu hata jina linapobadilika. Mwisho hesabu vizazi. Ukoo unaosema umekaa Kibosho miaka mia tatu lakini unaweza kutaja mababu watano tu, umeruka watu au umekuza miaka. Kizazi kimoja ni kama miaka 25 hadi 30.

Jihadhari na kulinganisha majina kwa sauti. Jina linalofanana na la Kenya au Uganda si ushahidi wa chochote mpaka upate mtu, mahali na njia.

Vinasaba

Kromosomu Y hupita kwa baba kwenda kwa mwana, sawa na jina la ukoo wa Kichagga, kwa hiyo kipimo chake kinaweza kuonyesha kama wanaume wawili wa jina moja wana babu mmoja wa upande wa kiume. Hakikuambii babu huyo alikuwa nani wala alikaa wapi. Mwaka 2023 ilitangazwa Berlin kwamba baadhi ya mafuvu ya watu yaliyochukuliwa enzi ya Mjerumani yalilingana na ndugu walio hai Kilimanjaro. Hata hapo ilihitajika kupata kwanza ndugu walio hai wa kulinganisha nao. Kampuni za nje zina Waafrika Mashariki wachache kwenye hifadhi zao, na hapa nchini vipimo hivi vinasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali kwa sheria ya 2009. Kumbuka pia kwamba kipimo kinaweza kufichua baba asiye baba. Kabla ya kuchukua sampuli ya mtu yeyote, mwambie hivyo waziwazi, na akikataa usimbembeleze.

Kuandika na kutunza

Kila jina liandikie mambo matatu: nani aliniambia, lini, na nimethibitisha kwa nini kingine. Penye habari mbili zinazopingana, andika zote. Daftari la kwanza liwe la karatasi. Baada ya hapo unaweza kuhamishia kwenye FamilySearch, ambayo ni bure na huficha taarifa za walio hai, au kwenye faili la kawaida la kompyuta.

Usirushe mchoro mzima kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla wazee hawajaupitia. Chapa nakala kubwa, ipeleke kwenye mkutano wa ukoo wa mwisho wa Desemba, itandike mezani na uweke kalamu nyekundu pembeni. Watu watasahihisha na kubishana, na watoto waliosahauliwa watatajwa. Watoto wa nje wapewe nafasi yao kama wenyewe wanataka, na mambo ya walio hai yabaki ndani ya familia, kwani sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 inawahusu. Ukishasahihisha, toa nakala tatu: moja kwa kitinda mimba aliyebaki kihambani, moja kwa mwenyekiti wa ukoo, na moja kwa kijana yeyote aliyeuliza maswali mengi siku hiyo, maana ndiye utakayemtuma kwa bibi mwingine mwaka ujao.